Nyuki wa Asia

Jina langu ni Asia binti Nurudini, na mwenye kutaka kucheka acheke sasa, tumalize. Nina duka la vitenge na sabuni hapa Kibondo mjini, na nina mizinga kumi na miwili ya nyuki kule Kumsenga, kwenye shamba la Rosa. Rosa ni rafiki yangu. Nasema rafiki, sisemi mtu tunayefahamiana. Nimeolewa mara mbili, wa pili akiwa mbadilisha fedha wa Manyovu, na mara zote mbili ndoa ilipokwisha, aliyekuja kunisaidia kubeba kitanda ni Rosa. Yeye ni wa kanisani, mimi wa msikitini. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni, wangu walikuja na biashara ya nguo kutoka Ujiji. Miaka ishirini na sita hatujawahi kununiana zaidi ya siku tatu. Kwa hiyo nikikuambia kwamba mwaka huu nusura nimuue mumewe, ujue nasema jambo gani.

Wala si kwa sumu. Nilinyamaza tu. Mimi, ambaye tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniambia kwamba naongea kidogo.

Huyo mume wa Rosa anaitwa Nkunzimana, na nyuki anawajua, tusidanganyane. Ana mizinga arobaini. Alianza kutundika tangu mtoto, na hata miaka waliyokaa kambini, kabla hawajapata uraia, alichonga mizinga akaitundika nyuma ya mahema, watu wakamlalamikia mpaka wakachoka. Akiugonga mzinga kwa kidole anakuambia asali imefika wapi. Ila dharau! Mungu alipokuwa anagawa dharau, shemeji alipanga foleni mara mbili. Siku ya kwanza naingia kwenye kikundi chetu cha wafuga nyuki aliniambia mbele za watu, "Nyuki hawapatani na wanawake wa marashi." Ni kweli, nyuki hawapendi harufu ya marashi, lakini alivyolisema halikuwa somo. Lilikuwa tusi.

Na mkewe je? Rosa kaandikwa kwenye kikundi kwa sababu mumewe kaandikwa. Anachota maji, anachuja asali, anafua vitambaa vya kuchujia. Kugusa mzinga, hapana. Mara nyingi nimemsikia akianza, "Baba Divine, ule mzinga wa kule..." na shemeji akishamkata juu kwa juu, akigeukia kwa mtu mwingine kama vile aliyeongea ni kuku. Rosa hubaki na neno lake mdomoni, halafu hulimeza. Mimi nikimuuliza kwa nini anavumilia, huniambia, "Asia, wewe umeshahama mara mbili. Mimi nimeshahama nchi, inatosha."

Basi. Mwezi wa nne, Reverien, katibu wa kikundi, alirudi kutoka Kasulu na kitabu. Kuna shirika lilikuwa linagawa vitabu vya ufugaji, makasha kwa makasha, naye akapewa kimoja. Hakukifungua njiani. Alikuja nacho moja kwa moja kwenye stoo ya kikundi, tulikokuwa tumekusanyika watu kama kumi na tano, akasimama, akakohoa, akasoma jina la kitabu kwa sauti ya matangazo ya vifo.

"Ufugaji wa Nyuki wa Asia."

Stoo nzima ikanigeukia.

Usitucheke haraka. Mwaka jana walikuja wageni na gari, wakatembelea mizinga yangu, wakaipiga picha, wakaandika kwenye madaftari yao mpaka wakamaliza kalamu. Kila mzinga wangu umeandikwa ASIA kwa rangi nyekundu, kwa sababu nimechoka kuibiwa. Sasa wewe ungesikia "nyuki wa Asia" ungefikiria nini? "Kumbe ndiyo maana walikuwa wanaandika!" akasema mmoja. "Bi Asia kaingia kitabuni!" Mimi mwenyewe mapigo ya moyo yalinipanda. Wallahi, siku ile niliamini.

Reverien akaendelea kusoma. Nyuki wa Asia ni wadogo kwa umbo lakini ni hodari wa kazi. Watu wakatikisa vichwa. Nyuki wa Asia ni wapole. Mfugaji anaweza kuwafungua mchana kweupe, bila kofia ya wavu wala glavu, kwa moshi kidogo tu. Watu wakaguna. Nyuki wa Asia wakiudhiwa hawakai, huhama mara moja wakatafute makazi mengine.

"Kama mwenyewe!" akapaza sauti mtu wa nyuma, na stoo ikaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, maana uongo uko wapi? Aliyekuwa hacheki ni Nkunzimana. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, ananitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake. Macho ya mtu anayetaka kujua.

Nikakiazima kile kitabu. Jioni dukani, wateja walipopungua, nikavaa miwani nikakifungua tangu mwanzo ili nijisome vizuri. Ukurasa wa pili kulikuwa na ramani. India hii hapa, Sri Lanka hii hapa, Vietnam, Ufilipino, na maandishi makubwa katikati: ASIA. Bara. Lile la shuleni, la darasa la tano. Lo! Nilijiona mjinga mpaka nikatazama mlangoni kama kuna mtu ameniona. Nikaendelea kusoma, na ndipo nikaelewa kwamba hao nyuki wanaosemwa ni jamii nyingine kabisa, wapole kwa asili yao, na wafugaji wa huko huwafungua kama unavyofungua sufuria ya wali. Hawa wa kwetu ukiwafungua saa saba mchana bila moshi, nyumbani kwako waanze kutandika mikeka ya matanga.

Jambo la kufanya lilikuwa rahisi. Ningempigia Reverien, ningemwambia, "Katibu, Asia ni bara," tungecheka wiki nzima na lingekwisha. Simu ilikuwa palepale mezani.

Sikupiga. Nilikifunga kile kitabu kwa gazeti, nikakisukuma chini ya makatoni ya sabuni. Na sababu naisema wazi: nilifurahi. Miaka kumi na moja kwenye kikundi nimekuwa "mama wa dukani", mtu wa mizinga ya kununua, mtu wa marashi. Sasa ghafla watu wanapita dukani kunisalimia. Mzee mmoja wa Kitahana alikuja na baiskeli akaniuliza nyuki wangu nawalisha nini. Wanawake wa sokoni wakawa wananiita Mama Nyuki. Nikavimba kichwa, na nani asiyevimba? Reverien alipokuja kudai kitabu nikamwambia, "Panya wamekula, baba. Panya wa mji huu hawana adabu." Akaondoka anasikitika.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nilikuwa nalijua tangu utoto, nikalifanya hivyo hivyo nikilijua.

Halafu siku moja nani anaingia dukani? Nkunzimana. Miaka yote hiyo hajawahi kukanyaga duka langu. Akitaka kitu humtuma Rosa. Akasimama mbele ya meza, akavua kofia. Akavua kofia, unanisikia! Akatazama vitenge, akatazama sabuni, mwisho akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "wale nyuki wako. Mimi ninao arobaini, wote wakali kama pilipili, na wa kwako wanakula maua yaleyale. Unawafanyaje?"

Hapo ndipo Mungu aliponiwekea mlango wazi kabisa. Mtu mwenye kiburi kile amekuja kwa miguu yake kuniuliza. Ningeweza kumwambia. Badala yake nilikunja kitenge taratibu, nikakiweka kwenye rafu, nikamwambia, "Ni mkono tu, shemeji."

Akarudia, "Mkono tu." Akavaa kofia yake, akaaga. Nilibaki natabasamu mpaka adhuhuri.

Ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa sita. Saa nane mchana simu ikalia, Rosa. Akasema neno moja, "Hospitali," ikakatika. Nilifunga duka nikasahau hata kufunga kufuli. Nilipofika, bodaboda aliyemleta alikuwa bado anatetemeka pale nje, na yeye ameumwa shingoni. Ndani, mtu aliyekuwa kitandani sikumjua. Uso umekuwa mmoja na shingo, macho yamezama, midomo imegeuka nje, na pumzi inatoka kwa mlio kama filimbi iliyopasuka. Waliomhudumia walikuwa wameshamchoma sindano na kumwekea hewa. Muuguzi alikuwa anatoa miiba kichwani kwake kwa wembe, akiikwangua mmoja mmoja, anaidondosha kwenye bakuli, na bakuli lilikuwa limefunikwa kitako chote.

Rosa alikuwa ameketi sakafuni, khanga imelowa. Kumbe alikuwa amejifunika blanketi lililoloweshwa maji, akaingia katikati ya nyuki, akamburuta mumewe kwa miguu mpaka jikoni penye moshi. Nilichuchumaa karibu naye. Nikasema, "Mama Divine, kaenda kufanya nini kule?"

Hakuinua uso. "Kafungua mzinga wako. Mchana, kifua wazi. Alisema nyuki wa Asia ni wapole."

Astaghfirullah. Nilitaka sakafu inimeze.

Hakufa. Siku mbili hatukujua, siku ya tatu akafumbua jicho moja akaomba maji. Lakini daktari alituita, mimi na Rosa, akatuambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo: mwili wake sasa umewakataa nyuki. Safari nyingine hata wakiwa watano, hata akiwa mmoja tu, huenda hatafika hospitali. "Mwambieni mzee, nyuki basi."

Mwambieni mzee nyuki basi! Sisi tukamwambia. Akageukia ukutani.

Wiki tatu zilizofuata nilikuwa mtu wa safari za Kumsenga. Nilipeleka uji wa ulezi, nikapeleka supu, nikapeleka shuka mpya. Kila nikifika shemeji yuko ndani, mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, kwa sababu mizinga yake mingine imeizunguka nyumba na mwezi wa sita ndio asali inaiva. Mtu aliyeishi na nyuki tangu utotoni anakaa gizani saa sita mchana akisikiliza mlio wao nje, hawezi hata kuchungulia. Wanaume wa kikundi walimjia, wakasimama mlangoni, wakaongea habari za mvua. Naye Rosa akawa mkimya kwangu. Ananipokea, ananipa kiti, anarudi kwenye kazi zake. Nikawaza, anajua. Ameshajua kuhusu kile kitabu, anangoja niseme. Na nikisema, ndiyo mwisho. Mtu haendi kumwambia mwanamke "nilimwacha mumeo aende kufa kwa sababu nilipenda kusifiwa" halafu akategemea kukaribishwa tena ugali. Nilikuwa sili, silali. Nimepoteza wanaume wawili nikala pilau wiki hiyohiyo, lakini Rosa nikimpoteza, sina mwingine.

Jumapili moja nikaamka nikasema, Asia, leo, misa yao ikiisha tu. Nikafukua kile kitabu chini ya makatoni, nikapanda bodaboda.

Nilimkuta Rosa nyuma ya nyumba anapukuchua maharage. Sikuketi. Nilimwekea kitabu mapajani, kimefunguliwa kwenye ramani, nikayasema yote kwa mfululizo, bila kupumua, ili nisije nikayapunguza: bara, makatoni ya sabuni, panya, na siku aliyokuja shemeji dukani akavua kofia. "Aliniuliza, Rosa. Aliniuliza uso kwa uso, nami nikamwambia ni mkono tu. Nilikuwa najua. Nifukuze."

Rosa aliitazama ramani kwa muda. Akafuata mpaka wa India kwa kidole chenye vumbi la maharage. Kisha akakifunga kitabu.

"Mimi sihitaji ramani," akasema. "Nyuki wako wapo kwenye njia yangu ya kisimani. Wameniuma mara ngapi, Asia? Masikioni, mgongoni, siku moja mdomoni nikakaa siku mbili sili. Wapole! Nilikaa pale stoo Reverien anasoma, nikawa nasema moyoni, hawa wanasoma habari za nyuki gani? Lakini nani aliniuliza?"

Sikuelewa anaelekea wapi.

"Siku ile alipita jikoni," akaendelea. "Kifua wazi, hana kofia, hana bomba la moshi. Akasimama mlangoni. Tangu anioe hajawahi kuniuliza kitu cha nyuki, siku ile akaniuliza. Akasema, wewe unapita kule kila siku, ni kweli ni wapole? Nami nikamwambia, mimi nijuaje habari za nyuki?"

"Rosa..."

"Nilidhani watamuuma wawili, watatu. Aje mbio, anapiga kelele, nicheke. Nami nicheke siku moja, Asia, nilitaka hilo tu. Nikasimama dirishani nimngoje. Mana yanje, Mungu wangu, nilisimama dirishani!" Akajifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti, na maharage yakamwagika yote. Mimi nikapiga magoti pale chini nikawa naokota maharage, kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Nililia pia. Tulilia kama watu waliofiwa, na aliyetufanya tulie yuko hai ndani, futi kumi kutoka pale.

Alipotulia akapangusa uso. "Hasira na wewe ninazo," akasema, "usidhani sina. Nitakukasirikia vizuri tu, lakini zamu yako bado. Nenda ndani kamwambie lako. Langu niachie, mimi ndiye ninayelala naye."

Nikaingia. Shemeji alikuwa kwenye kiti kirefu, uso umerudi lakini ngozi imekwajuka, jicho la kushoto bado linatoa machozi. Nikamwambia yote, kama nilivyomwambia mkewe. Nilipofika kwenye maneno ya mkono tu, alifumba macho. Hakunitukana. Ningependa anitukane, wallahi, dharau yake ya zamani niliitamani. Nje nyuki walikuwa wanavuma, naye alikuwa akigeuza kichwa kidogo kila mlio ulipopanda.

Halafu akaniuliza, "Na Rosa alijua?"

Sikulitegemea swali hilo. Nilimtazama mtu yule, nikamfikiria yule mwingine huko nje na maharage yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikapima neno kabla ya kulitoa.

"Hakujua," nikasema.

Nkunzimana alinitazama kwa jicho lake zima. "Oya, hapana, shemeji. Uongo huuwezi. Unachokiweza ni kunyamaza." Akainua shingo, akaita, "Rosa!"

Rosa akaja, akasimama mlangoni, khanga ameifunga kiunoni. Alinitazama mara moja tu akajua lake limeshajulikana. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kutoka, lakini mlangoni alikuwa yeye.

"Nyuki wa Asia unawajua?" mumewe akamuuliza.

"Nawajua."

"Wakoje?"

"Wakali," Rosa akasema. "Kuliko wako."

"Mbona hukuniambia?"

Nilidhani atalia tena. Hakulia. Alisimama wima, akamjibu taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichokwisha kukiandika zamani. "Miaka ishirini na nane, Baba Divine, hukuwahi kuniuliza. Siku uliyoniuliza, nilikuwa nimeshakasirika."

Shemeji akajipangusa jicho linalotoa machozi, sijui kama ni la ugonjwa au la kweli. Kisha akasogea kwenye kile kiti kirefu, kwa shida, huku akishika mbavu, mpaka pakapatikana nafasi ya mtu.

"Kaa," akasema. "Nakuuliza sasa. Ile mizinga ya bondeni, wiki hii ikoje?"

Rosa akaketi. Akaanza na mzinga wa kwanza, ule wa karibu na mto, akasema umejaa na nyuki wameanza kutoka nje kulala mlangoni kwa joto, uvunwe kabla ya Jumamosi. Akaja wa pili, malkia wake amezeeka, kundi linapungua. Wa tatu una sisimizi. Alipomaliza ya bondeni akaendelea na ya nyumbani, akaitaja yote arobaini, mmoja baada ya mwingine, ilichukua karibu saa nzima, na Nkunzimana hakumkatiza hata mara moja.